Mafundo Niliyoyafungua

Kimara, Dar es Salaam
10 Machi 2024

Mjomba Kamugisha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Isack, na kwamba nyonga ya Bibi inaendelea kupona tangu aanguke. Mwambie Bibi nimeanza kula asubuhi kama alivyoniagiza, ingawa chai ya ofisini haina ladha. Mama alipiga simu kutoka Mwanza juzi, wote wazima. Kazini bado nipo masijala. Bosi amenipa makabati mawili ya mafaili ya zamani niyapange upya, anasema nina mkono wa utaratibu.

Nimeona nikuandikie kwa sababu masikio yako na simu hayapatani, na ujumbe nikituma Mama Isack anausoma kwa sauti mpaka jirani anajua. Barua nampa kondakta wa basi la Bukoba. Ataiacha Muleba, dukani kwa Kasiani.

Mjomba, kuna jambo la mashine ya Mzee Mfaume, ile ya gemu za kaseti, nyeupe yenye ubavu mwekundu, uliyoimaliza siku mbili kabla hujasafiri kwenda kwa Bibi. Aliichukua Jumamosi ya tarehe mbili, saa tisa alasiri. Jumatatu akairudisha. Amesema aliiwasha kwake Temeke mbele ya wageni, haikuwaka. Taa haikuonekana, picha haikuja.

Unajua anavyoipenda. Na unajua alivyokuahidi, kwamba Agosti atakapofungua ule ukumbi wake wa gemu za zamani, mashine thelathini na kitu, fundi utakuwa wewe na meza yako mwenyewe. Sasa anasema kwanza anataka kuona itakavyokuwa kwa hii moja. Mfungo unaanza wiki hii, atasubiri mpaka upite.

Naomba unielekeze nianzie wapi. Mita yako ipo, na solda, na vile vikopo vya skrubu. Chumba chako cha ufundi nimekitunza. Wikiendi ya kwanza baada ya wewe kuondoka nilifagia, nikapanga kila kitu. Adapta zote nimezitia kwenye bahasha kwa volti zake, sita, tisa, kumi na mbili, na kila bahasha nimeiandika. Nyaya nimezinyoosha na kuzikunja. Ukirudi hutahangaika kutafuta.

Usimwambie Bibi, atafikiri nimevunja kitu.

Mimi mpwa wako,
Kokushubila

---

Kamachumu
24 Machi 2024

Koku,

Marahaba mwanangu. Barua ilikaa kwa Kasiani siku nne kwa sababu aliifungia kwenye droo moja na dawa za minyoo akaisahau. Leo ni Jumapili ya Matawi. Bibi yako amekataa kubebwa kwenda kanisani, ametembea mwenyewe na fimbo mpaka kwenye migomba, akageuka, akasema Mungu ameona juhudi. Mama Isack anakusalimia.

Mashine ya Mfaume isikutishe. Mashine haifi tu yenyewe. Kuna kitu kimetokea, na kilichotokea kinaacha alama. Sisi kazi yetu ni kufuata alama.

Kwanza adapta. Hizi mashine za Kijapani za zamani zina tabia moja. Adapta nyingi tunazouziwa hapa, chanya iko ndani ya kile kichwa cha kuchomeka na hasi iko nje. Mashine ile inataka kinyume, hasi ndani na chanya nje. Kwa macho hutaona tofauti, kichwa ni kilekile na kinaingia vizuri kabisa. Ndiyo maana adapta za kinyume nimezifunga fundo kwenye waya, karibu na kichwa. Yenye fundo ni ya mashine za Kijapani. Isiyo na fundo usiikaribishe.

Kabla ya kuchomeka chochote, pima adapta. Ncha nyekundu ya mita iweke ndani, nyeusi nje. Ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, ndiyo yenyewe.

Halafu fungua kifuniko, skrubu sita. Upande wa kulia kuna kidude chenye miguu mitatu kimefungwa kwenye bati. Hicho ndicho regyuleta, kinapokea volti tisa na kutoa tano. Pima mguu wa kuingilia, pima wa kutokea. Jirani yake kuna kapasita kubwa kama kopo dogo. Tazama kichwa chake kama kiko bapa au kimevimba. Niandikie namba kama ulivyoziona, hata kama hazieleweki kwako.

Na niambie mambo mawili. Niliacha maagizo kwamba mashine ijaribiwe kabla ya kukabidhiwa. Uliijaribu? Na kama uliijaribu, ulitumia adapta ipi?

Mimi mjomba wako,
Kamugisha

---

Kimara
7 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwa habari ya Bibi na migomba. Pasaka niliila kwa Tupokigwe, yule tunayefanya naye kazi, anakaa Kibamba. Alipika wali na kuku, tukaimba. Huku mvua haikati, jana ofisini maji yaliingia hadi chumba cha mafaili. Mafaili yangu yalikuwa juu, hayakulowa. Bosi alinisifu mbele ya wenzangu. Sikujua pa kutazama.

Nimefanya ulivyosema. Nilipima adapta kwanza. Za volti tisa zipo sita, nimezipima zote, na moja tu ndiyo iliyoonyesha alama ya kutoa. Hiyo ndiyo niliyotumia kwa vipimo hivi.

Mguu wa kuingilia: volti tisa nukta moja. Mguu wa kutokea: sifuri nukta saba. Nilirudia mara tatu. Kapasita kubwa imevimba kichwani, na pembeni mwa mguu wake kuna kitu cha kahawia kama chai iliyokauka. Regyuleta inachoma kidole baada ya dakika moja.

Viungo vya solda nimevitazama vyote kwa kioo chako cha kukuzia. Sikuona kilichopasuka, lakini mimi si fundi.

Kitu kingine. Watu watatu wamekuja kuchukua mashine zao ambazo hazijatengenezwa. Mwalimu Godlisten alichukua ile nyeusi, na wale ndugu wawili wa Ubungo wakachukua zao. Nadhani ni kwa sababu ya mvua, wanaogopa chumba kitaingia maji.

Nisamehe kwa mwandiko, nimeandika haraka.

Wako,
Koku

---

Kamachumu
2 Mei 2024

Koku,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, na sina sababu nzuri. Bibi hajambo. Senene wameanza kuanguka, nakutumia mfuko kwa kondakta. Ukifika umepungua ujue ni yeye.

Nimekaa na namba zako muda mrefu. Umezipima vizuri. Nimefundisha watu ambao baada ya mwaka mzima walikuwa bado wanashika mita kama kijiko.

Sikiliza sasa tunavyotafuta ugonjwa. Tunaorodhesha kila kinachoweza kuwa, halafu tunatoa kimoja kimoja. Kapasita huvimba kwa uzee. Ile niliiweka mpya mwezi wa pili, niliitoa kwenye pakiti mwenyewe, kwa hiyo uzee nimeutoa. Solda ikiachia, umeme unakatika, hakuna kinachovimba wala kuchoma kidole. Kwa hiyo solda nimeitoa. Umeme wa nyumbani kwa Mfaume ukizidi, adapta ingeungua kwanza, na yeye hajasema adapta yake imeungua. Nimeutoa huo nao. Nimebaki na kitu kimoja mkononi.

Umepima adapta sita ili upate moja. Aliyeona fundo hana haja ya kupima sita.

Nakuuliza sasa, yale mafundo yako wapi?

Na kuhusu watu wanaochukua mashine. Paa la chumba kile nililiezeka upya mwaka juzi, na Godlisten ndiye aliyenishikia ngazi. Hawezi kuogopa mvua.

Nenda Kariakoo, ununue regyuleta na kapasita, nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Zile mbovu ukizitoa, zitunze. Kapasita ina mstari ubavuni, mstari ni upande wa hasi. Usifanye haraka.

Kamugisha

---

Kimara
12 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Senene walifika wote, asante sana, niliwagawia wenzangu masijala. Tupokigwe hakuwahi kuwaonja, alifumba macho kwanza, halafu akamaliza sahani.

Nimebadilisha regyuleta na kapasita. Ilinichukua Jumamosi nzima. Niliunguza kidole cha shahada, si sana. Sasa mguu wa kutokea unatoa volti tano kamili na taa inawaka. Lakini picha haiji, skrini inabaki ya kijivu. Vipande vibovu nimevitia kwenye bahasha na kuandika tarehe.

Kuhusu mafundo, nyaya zote zimekunjwa vizuri na ziko salama.

Msalimie Bibi.

Koku

---

Kamachumu
27 Mei 2024

Koku,

Bibi hajambo, anakusalimia.

Mashine ile usihangaike nayo tena. Nimeshamalizana na Mfaume kwa barua. Mrudishie kama ilivyo ukipata nafasi.

Agosti sitakuja. Kahawa inahitaji mtu, na umri umekwenda. Vitu vyangu nitamtuma mtu avichukue.

Fanya kazi yako vizuri.

Kamugisha

---

Kimara
23 Juni 2024

Mjomba Kamugisha,

Shikamoo. Nimeuliza hali ya Bibi kwa Mama Isack kwa simu, nimeambiwa anaendelea vizuri, nashukuru. Mama yangu ni mzima. Ninaandika salamu hizi huku nikijua hazinisaidii, kwa sababu baada yake lazima niandike yanayofuata.

Mafundo niliyafungua mimi. Yote. Ile wikiendi niliyopanga chumba nilidhani ni uchafu tu wa nyaya, kwamba umezikunja vibaya kwa haraka. Kulikuwa na mengine yamekaza, nikayafungua kwa ncha ya bisibisi, na nilijisifu nilipomaliza. Nilizipanga kwa volti kama tunavyopanga mafaili kwa namba. Sikujua kwamba fundo lilikuwa maandishi yako.

Jumamosi ile, saa tisa ikikaribia, niliijaribu mashine kama ulivyoagiza. Nilichukua adapta ya juu kwenye bahasha ya volti tisa. Ilitoa mlio mdogo, halafu harufu. Nikachomoa. Nilikuwa bado nimeishika adapta mkononi Mzee Mfaume alipobisha hodi. Aliuliza harufu gani hii, nikamwambia nimewasha dawa ya mbu. Nikaifunga mashine kwenye gazeti, nikampa. Alinishukuru, Mjomba. Alisema nikusalimie.

Jumatatu alipoirudisha alikuwa na hasira, aliaibika mbele ya wageni. Alisema, "Mjomba wako ameanza kuzeeka, au alikuwa na haraka ya safari?" Nilikuwa na nafasi hapo. Nikasema, "Labda solda imeachia, mzee." Maneno manne. Yeye akayabeba, akaenda nayo kila alikokwenda. Godlisten aliponijia kuchukua mashine yake aliniambia waziwazi kwamba amesikia solda zako siku hizi zinaachia. Mimi nikakuandikia mvua.

Barua yako ile ya mwanzoni mwa Mei, uliyonieleza uzee umeutoa na solda umeitoa, niliisoma nimesimama masijala katikati ya makabati, na nilijua umeshajua. Hata hivyo nikajibu kwamba nyaya zimekunjwa vizuri. Sijui mtu wa namna gani anaandika hivyo. Niliogopa. Chumba ni chako, ada yangu ya chuo ulilipa wewe, na wote nyumbani wanasema Koku ni mwangalifu. Nilifikiri nikikosa hilo sitabaki na kitu.

Ukaandika kwamba Agosti huji. Unachukia kahawa, Mjomba. Uliniambia mwenyewe.

Nilitaka nianze kwa kukuandikia wewe, lakini nilijua ukipata barua utanizuia. Kwa hiyo jana nilikwenda Temeke kwanza, na mashine, na mita, na adapta mbili.

Mzee Mfaume alikuwa barazani na jirani yake, Mzee Marijani, wanakunywa kahawa. Nilitarajia kumkuta peke yake. Niliwaamkia, nikakaribishwa kiti, na nikasema nina neno. Mzee Mfaume akasema sema, Marijani ni mtu wa nyumbani. Nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa. Nilikuwa naangalia vikombe.

Marijani alicheka. Akasema kumbe fundi mwenyewe ni karani wa serikali, ndiyo maana mashine ilikaa miezi mitatu. Mzee Mfaume hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na karatasi, akanipa nisome. Niliutambua mwandiko wako kabla sijaishika.

Umemwandikia kwamba kosa ni lako. Kwamba siku ile mkono haukuwa sawa, solda uliiweka baridi haikushika, na kwamba anayo haki ya kumpa mwingine ile kazi. Umemwomba asinilaumu mimi kwa lolote kwa kuwa mimi nilikuwa mtunza ufunguo tu.

Niliisoma mpaka mwisho kwa sababu walikuwa wananitazama. Nikasema si kweli, mzee.

Akasema, "Mtu mzima kaandika kwa mkono wake, katia sahihi. Wewe binti unakuja hapa kumwita mjomba wako mwongo, mbele ya watu?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee. Katika hili amedanganya."

Sijawahi kusema neno kama hilo juu ya mkubwa wangu, na sikuwahi kufikiri kwamba nitalisema kwenye baraza la watu nisiowajua vizuri. Marijani aliweka kikombe chini. Nilisikia aibu ya kukuita mwongo na aibu ya kuwa nimekufanya uwe hivyo, na sikuweza kuzitenganisha.

Nikaomba meza. Nilifungua skrubu sita mbele yao. Nikampa Mzee Mfaume kioo cha kukuzia, akatazama viungo vyako kimoja kimoja, polepole, na kidole chake kinafuata. Alipomaliza aliniuliza kiungo kibovu kiko wapi. Nikasema hakuna. Nikamwonyesha kapasita iliyovimba, ndani ya bahasha yake, na nikamweleza uliyoniandikia kuhusu uzee na solda. Halafu nikachomeka adapta mbili ukutani, nikapima moja, nikapima ya pili. Alitaka aone ile alama ya kutoa mara tatu. Mara ya tatu alishika ncha za mita mwenyewe.

Akaniuliza siku ile alipobisha hodi kwa nini sikusema. Nikasema niliogopa. Akauliza, "Uliniogopa mie?" Na yeye hajawahi kunitendea baya lolote.

Akasema, "Mie nimezunguka miezi mitatu namsema mtu. Msikitini nimemsema, Ubungo nimemsema, kwa mafundi wenzake nimemsema. Sasa nirudi kote huko niseme nini? Kwamba nilidanganywa na dawa ya mbu?"

Marijani akamwambia wewe ulipenda mwenyewe kusema, bwana, hukutumwa. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na mimi nikawa nakusanya skrubu.

Mashine imebaki kwake. Hakutaka niondoke nayo na hakunipa mkono. Kuhusu kazi ya Agosti, nilimwomba aniambie neno moja nikuandikie. Alisema mambo ya Kamugisha atayazungumza na Kamugisha, ana kwa ana, kwa kuwa barua za ukoo wetu haziaminiki. Barua yako amebaki nayo.

Mafundo nimeyafunga upya. Nimepima kila adapta chumbani, zipo ishirini na tatu, na zenye hasi ndani ni tano. Nimefunga matano. Sikuandika chochote kwenye waya.

Siombi unijibu haraka. Nikimaliza kuandika nitaipeleka stendi leo leo, kabla sijaisoma tena, maana nikiisoma nitaanza kuirekebisha.

Kokushubila

---

Kamachumu
14 Julai 2024

Koku,

Marahaba. Bibi ameiacha fimbo tangu Alhamisi, sasa anaitumia kufukuzia mbuzi wa jirani. Mama Isack anasema umechelewa kumpigia wiki hii. Kahawa tumevuna, na ni kweli naichukia.

Nimekukasirikia. Naandika hili mapema ili usidhani mzee huyu ana moyo wa asali. Nilijua tangu barua yako ya Aprili. Kwa fundi, zile namba zilikuwa zinasema wazi kuliko wewe. Nilikaa na hasira wiki tatu, ndiyo maana jibu lilichelewa, si kwa sababu ya mtu yeyote wa basi. Nilikuwa natembea kwenye migomba nikikugombeza kwa sauti. Mama Isack alifikiri nimeanza kusali.

Halafu nikafanya nililofanya. Nimejiuliza kwa nini, na nikaona si kwa wema. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja: Koku, uliichoma wewe, nenda ukaseme. Ningemaliza. Lakini niliona haya. Nilikuona umekaa pale na cheti chako na mafaili yako, na sikutaka niwe wa kwanza kukwambia kwamba umemdanganya mtu. Nikauliza habari za adapta, halafu za mafundo, nikijificha nyuma ya waya kama wewe. Uliponijibu kwamba nyaya ziko salama, niliona rahisi zaidi kumwandikia Mfaume. Kalamu haikunigomea hata kidogo. Mama Isack aliuliza namwandikia nani, nikamwambia ni mambo ya chama cha kahawa.

Mfaume ni mteja wangu wa miaka kumi na tano. Katika miaka hiyo kila mashine aliyoniletea nilimwambia ukweli wa ugonjwa wake, hata ule wa kuniaibisha. Sasa ana karatasi yangu yenye uongo na sahihi.

Umeniita mwongo mbele ya Marijani. Sehemu hiyo nimeirudia kusoma, natafuta pa kupinga.

Skrini ya kijivu uliyoiona maana yake chipu moja kati ya zile mbili kubwa imekufa. Huenda nyingine ipo hai. Hiyo ya kupona hatujui mpaka nishike mwenyewe.

Nitapanda basi Alhamisi ya tarehe ishirini na tano. Kama njia ni nzuri, Ijumaa niko Mbezi. Jumamosi asubuhi nakwenda Temeke. Sijui kama ile kazi bado ipo, na sitaiuliza siku hiyo. Ninakwenda kuomba karatasi yangu, na kusema kwa mdomo kwamba niliyoandika hayakuwa kweli, na Marijani najua atakuwepo.

Utanisindikiza mpaka kwenye kona ya nyumba, kwa sababu njia za huko zimebadilika na sitaki kuuliza watu. Barazani nitaingia peke yangu. Wewe utabaki pale konani. Nikichelewa kutoka, vumilia. Na hata ukisikia wananicheka, usije kunitetea.

Mjomba wako,
Kamugisha